Mama Gundi Anastaafu, na Mbuzi Arudishiwe Pembe Zake

Ifikapo tarehe 30 Septemba, Mama Gundi, Msimamizi wa Idara ya Ujalidi katika kiwanda chetu cha uchapaji, atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne ya utumishi. Siku hiyohiyo atakabidhi aproni yake, funguo za kabati la nyuzi, na kile kiti chake chenye mguu mmoja mfupi ambacho hakuna mwingine aliyewahi kukikalia asianguke. Wafanyakazi wenzake tumekusanyika kumuaga kwa heshima inayomstahiki.

Aliajiriwa akiwa binti mdogo wa kukunja karatasi kwa mkono. Akapanda hadi kushona vitabu, akapanda tena hadi kwenye gamba na gundi, na huko ndiko alikopata jina. Lile alilopewa na wazazi wake linajulikana na ofisi ya utumishi peke yake. Inasimuliwa kwamba siku ya harusi ya mdogo wake alitoka kazini moja kwa moja, akampa mkono bibi harusi, na viganja vikagandana. Wageni waliona wifi na wifi wameshikana mikono kwa muda mrefu, wakapiga vigelegele wakidhani ni mapenzi. Mpaka leo wifi huyo humsalimia kwa kumpungia tu.

Kwa maadili yake, uhodari wake na uchangamfu wake, Mama Gundi ameliletea sifa jina la kiwanda. Tunaushukuru Uongozi, na kwa namna ya pekee Meneja wetu, kwa kuridhia sherehe hii na kugharimia keki. Wasifu huu unaendelea katika kurasa za ndani.

Baada ya kuzitimiza adabu hizo, mwandishi, ambaye ni mtunza stoo wa kiwanda hiki, anaomba sasa kueleza jambo ambalo haliwezi kupita kimya. Anasikitika. Hana nia ya kuyaficha masikitiko hayo nyuma ya keki.

Kazi iliyompa Mama Gundi jina nje ya kuta zetu ni jarida liitwalo Mkoba wa Tarishi. Hutolewa mara tatu kwa mwaka na Chama cha wapenzi wa marehemu Babu Mwandishi, ambaye hadithi zake za Mbuzi Tarishi zimesomwa na watoto, na watoto wa watoto hao. Kwa asiyemjua, Mbuzi Tarishi ni mbuzi aliyepewa kazi ya kupeleka barua. Kila mtu anajua mbuzi hupenda kutafuna karatasi. Kwa hiyo katika kila hadithi mbuzi huyo ana njaa, ana mkoba uliojaa karatasi, na ana neno moja analojiambia njiani: barua haifunguliwi ila na mwenyewe.

Wanachama ni watu wazima wenye akili timamu. Yupo Katibu, muuguzi mstaafu. Yupo kinyozi wa mtaa wa pili kutoka hapa, na wengine wengi wa matawi ya mbali. Hujadiliana katika jarida lao kama mkoba wa mbuzi ulining'inia bega la kulia au la kushoto, kwa kuwa mchoraji wa zamani alichora huku na huku. Mjadala huo umeendelea tangu mwandishi huyu ana nywele kichwani, na ndugu wawili wa tumbo moja waliwahi kununiana kwa ajili yake. Asiyeona raha ya mambo hayo na akae nayo mbali. Pilipili usiyoila yakuwashia nini?

Ni lazima hapa lielezwe jambo la ufundi. Jarida huchapwa kwenye karatasi kubwa, kurasa nyingi kwa pamoja, kisha karatasi hiyo hukunjwa na kukunjwa tena. Likishakunjwa, kurasa zake huwa zimefumbana juu na pembeni. Hupelekwa kwenye mashine ya kukatia, ambayo hula upana wa kidole kila upande usioshonwa, na kurasa zikafunguka. Hivyo ndivyo vitabu vyote vifanywavyo.

Toleo la kwanza lililokabidhiwa kwa Mama Gundi lilikuwa linasubiriwa na mkutano mkuu wa Chama. Asubuhi ya kulitoa, kisu cha mashine kikavunjika. Mama Gundi alilifunga vilevile, kurasa zimefumbana, akamtuma dereva awaombe wateja radhi, awaambie wafungue kwa visu vyao nyumbani, fidia itazungumzwa. Dereva alifikisha mzigo. Radhi aliisahau njiani.

Jioni simu ikalia. Mama Gundi aliipokea akiwa amejiandaa kutukanwa. Upande wa pili alikuwa Katibu, analia.

"Dada, nani kabuni jambo hili? Barua haifunguliwi ila na mwenyewe! Ukumbi mzima umeshika visu, watu wanafungua ukurasa mmoja mmoja kama barua. Mzee mmoja hapa kakataa kufungua wa mwisho, anasema ataufungua kwao na mkewe."

Mama Gundi naye akaisahau radhi. "Ni sisi, dada," akasema. "Tulikaa, tukafikiri sana."

Tangu siku hiyo Mkoba wa Tarishi haukukatwa tena. Wachoraji wa Chama walijifunza kulijaza jarida mpaka ukingoni, kwa kuwa hapakuwa na kisu cha kuogopa. Na wasomaji walijifunza raha ambayo mwandishi ameishuhudia kwa macho yake. Katika nyumba moja bibi ndiye hushika kisu cha kupakia siagi, wajukuu husoma kwa zamu, na hakuna ukurasa unaofunguliwa kabla uliotangulia haujasomwa ukaisha. Mume na mke wa tawi la mbali hugawana: mume kurasa za shufwa, mke za witiri, wakagombana kwa furaha. Kwa kinyozi ndiko kwenye kichekesho. Hufungua jarida kwa wembe mpya mbele ya wateja, akasoma kwa sauti, na mtu mwenye shavu moja lililonyolewa na jingine lenye povu hatoki mpaka ajue mbuzi amefika wapi.

"Bosi, nimalizie kidevu, nachelewa kazini."

"Kidevu chako kipo tu, hakiendi mahali. Hapa mbuzi ana barua ya fisi mkobani, na daraja limekatika. Wewe unaniambia habari za kidevu?"

Hayo yote yalikuwa kazi ya mikono ya Mama Gundi. Kukunja karatasi itakayobaki imefumbana ni kugumu kuliko kukunja ya kukatwa, kwa kuwa hakuna mashine itakayokuja nyuma kuficha mkunjo uliokwenda upande. Alikunja kila toleo kama mtu anayekunja nguo ya mgeni.

Mwaka huu tukapata Meneja mpya. Mwandishi hana ugomvi na elimu yake wala na tai yake. Ana ugomvi na alichokifanya. Alipoona marundo ya jarida mezani, alilichukua moja, akajaribu kulifungua kwa ukucha, likamshinda. Akatangaza kuwa ni kazi chafu, kwamba mteja hawezi kuuziwa kitu nusu, na kwamba kuanzia hapo kila kinachotoka kiwandani kitapita kwenye mashine. Mama Gundi alimweleza habari za mbuzi na barua.

"Mama, dunia imebadilika," Meneja akajibu. "Na hili ni jarida la watoto tu."

"Mwanangu," Mama Gundi akamwambia, "wewe uliwahi kuwa mtoto, au ulizaliwa na tai shingoni?"

Haikusaidia. Toleo lake la mwisho, ambalo Chama kilikuwa kimeweka salamu za kumuaga ndani yake, alilikunja lote kwa mkono kabla ya kwenda likizo fupi ya kumuuguza dada yake. Akiwa huko, amri ikatekelezwa. Jarida lilipitishwa kwenye kisu pande zote tatu. Na kwa kuwa picha zilichorwa mpaka ukingoni, kisu kilikula kilichokuwa ukingoni. Mashairi ya watoto yalipoteza mstari wa kwanza. Salamu za kumuaga zilianzia katikati ya sentensi. Na kwenye jalada, Mbuzi Tarishi, mwenye pembe ndefu zinazojulikana na kila mtoto, alitoka kichwa kikiwa laini kama yai.

Wahenga walisema, kata pua uunge wajihi. Hapa pua imekatwa, na wajihi wenyewe haujaonekana.

Mzigo ulirudishwa na matawi karibu yote. Kinyozi hakurudisha kwa posta. Alikuja mwenyewe na koti lake jeupe, akasimama mapokezi, akainua jalada juu ili kila mtu alione.

"Mimi kunyoa ndiyo kazi yangu!" alisema. "Huku si kunyoa. Huku ni kuchinja! Wateja wangu wananiuliza huyu ni mbuzi au ni punda, niwajibu nini?"

Mama Gundi aliporudi kazini, alilitazama jalada, akalilaza mezani kifudifudi. Aliingia ofisini, akaomba jambo moja tu: toleo lichapwe upya, hata kama yeye atalikunja bila malipo ya ziada. Hakutaka kazi ya mwisho ya maisha yake iwe mbuzi asiye na pembe. Meneja akamwambia kazi imeshatoka, na kwamba atasahau akishapumzika nyumbani.

Atasahau! Mwandishi anaomba neno hilo lipimwe. Mwanamke aliyekunja karatasi kwa miaka thelathini na minne, aliyeharibika ukucha wa kidole gumba cha kulia ukawa mgumu kama kwato, aambiwe atasahau. Sisi wa stoo, wa mashine na wa gundi tuliandika ombi la pamoja, tukalitia saini, tukalipeleka kwa utaratibu unaotakiwa. Tulijibiwa kwa mdomo, mlangoni, Meneja akiwa amesimama nusu ndani nusu nje, kwamba amri ni amri.

Hata hivyo kila mchapaji anajua kwamba kazi haichapwi kamili kamili. Huongezwa karatasi za akiba, kwa ajili ya zitakazoharibika. Akiba ya toleo lile ilikuwa stoo, juu ya rafu, haijakunjwa wala haijaguswa na kisu, na mwandishi wa wasifu huu ndiye aliyekuwa na ufunguo. Kwa kuwa kanuni inasema akiba isiyoharibika ni mali ya mteja, alimpigia simu Katibu, naye akaiomba kwa barua yenye mhuri wa Chama. Mama Gundi aliikunja wakati wa mapumziko ya mchana, siku baada ya siku, chai ikipoa kando yake. Zilipatikana nakala za kutosha kila tawi moja. Moja tu. Basi matawi yalikutana, watu wakaizunguka nakala yao moja, na huko kwa kinyozi mabenchi yalitolewa mpaka barabarani. Tumeambiwa kwamba ukurasa wenye salamu za Mama Gundi ulifunguliwa na mteja mwenye povu usoni, kwa kuwa zamu ilikuwa yake, na kwamba povu lilimkaukia.

Pembe zilikuwepo, zote mbili.

Lakini amri haijafutwa. Toleo lijalo litakunjwa na mikono mingine, na mashine inalisubiri. Ndiyo maana wasifu huu, badala ya kumsifu tu mstaafu wetu, umegeuka kuwa ombi. Tunaomba, kwa heshima zote, kwamba Mkoba wa Tarishi uachwe ufunguliwe na wenyewe. Hatuombi zawadi nyingine kwa niaba ya Mama Gundi. Saa ya ukutani aliyoandaliwa ni nzuri, lakini saa anayo.

Na sasa mpangilio wa karatasi hii uelezwe, ili asiwepo wa kulaumiwa ila wahusika. Mama Gundi ameikunja mwenyewe, na ndiyo kazi yake ya mwisho kiwandani. Ukurasa wa mbele, wenye shukrani kwa Uongozi, umeachwa wazi. Zile za katikati, zenye ratiba ya sherehe, ziko wazi. Hizi unazosoma zilikuwa zimefumbwa juu. Nani anasoma na nani ameridhika na ukurasa wa mbele, kila mtu ukumbini anaona. Visu vya keki viko mezani, havimkatazi mtu.

Kama Meneja wetu amefika kwenye mstari huu, basi ameshika kisu akafungua kurasa kwa mkono wake, polepole, akitaka kujua mbele kuna nini. Hana haja ya kuelezwa zaidi. Tunamkaribisha Chamani. Kinyozi amesema atamnyoa bure, na pembe atamwachia.

Mama Gundi, asante kwa kila mkunjo. Pumzika, mdogo wako na wifi yako wanakungoja, ila mikono kwanza unawe. Uishi siku nyingi zenye heri, na kila moja uifungue mwenyewe.