Nilivyomsingizia Jirani Aliyekimbia Alfajiri

Bwana asifiwe, wapendwa. Mchungaji amenipa dakika kumi, na mimi nikianza kuongea huwa sijui kusimama, kwa hiyo mama mzee wa kanisa pale mbele akinipungia mkono nitakaa. Akina mama wa kijijini kwetu Hasamba habari hii mnaijua. Nyinyi mliotoka mitaa ya mbali ndiyo mnaisikia leo. Sitataja jina la mtu yeyote; nitakayotaja ni makosa yangu mwenyewe.

Mimi ni mkulima, kama wengi wenu. Nina kahawa kidogo, mahindi na maharage. Mume wangu alikwenda Tunduma kutafuta kazi ya kupakia mizigo kwenye malori, na mwanzoni alikuwa anarudi kila mwisho wa mwezi. Baadaye akawa harudi. Mwaka wa pili nikaambiwa ana mke na mtoto upande wa pili wa mpaka, Nakonde. Aliyeniambia alidhani najua.

Ndugu zangu, sikulia. Ningelia labda ingekuwa afadhali. Nilikwenda kilabuni kunywa komoni, pombe yetu ya kienyeji, kikombe kimoja ili nipate usingizi. Nawaambia ukweli, kile kikombe kimoja kilichukua miaka miwili. Kahawa iliiva ikaanguka chini. Mama yangu alikuja kutoka Mbebe, akatazama jikoni. Alikusanya nguo za binti zangu wawili akaondoka nao. Niliwaona wakipanda bodaboda, nikarudi kukaa.

Sasa, jirani yangu. Nyumba yake na yangu zimetenganishwa na mistari michache ya migomba. Ni mdogo kwangu, ana watoto watatu, anauza maziwa. Mwaka ule alianza kuamka saa kumi na moja alfajiri na kukimbia. Alivaa suruali ya michezo ya kaka yake na viatu vya mtumba vilivyomzidi, akaviwekea soksi mbele. Alikuwa anashuka mpaka mtoni, anapanda kilima, anazunguka mashamba ya kahawa, anarudi kukamua ng'ombe. Mimi saa hizo nilikuwa nimekaa kizingitini na kichwa kinauma, namwona akipita kwenye ukungu. Nilimchukia. Hakuwa amenikosea kitu. Nilimchukia kwa sababu alikuwa na mahali pa kwenda.

Msimu huohuo mtoto mchanga wa familia moja pale kijijini akafa kwa homa. Siku tatu baada ya mazishi, watu wamekaa kilabuni wanaulizana mtoto amekufaje, mimi nikasema kwamba kuna mwanamke namwona kila alfajiri akizunguka nyumba za watu mbio, na wiki ile alizunguka hata nyumba ya msiba. Nilisema hivyo tu. Sikutaja uchawi. Mnaona ujanja wa ulimi? Neno hilo niliwaachia wengine walitaje wenyewe.

Nao walilitaja. Ndani ya mwezi mmoja watu waliacha kununua maziwa yake. Wanawake wakifika bombani wakamkuta, walisogeza ndoo pembeni. Mumewe alikuwa mtu mpole, lakini hata yeye alianza kumwomba aache. Hakuacha. Asubuhi moja vijana walijificha kwenye kahawa wakamrushia mawe, moja likampata juu ya jicho.

Kesho yake alikuja kwangu, kichwa kimefungwa kitambaa. Nilidhani amekuja kupigana, na nawaambia, ningefurahi angepiga. Alivuta kigoda akakaa.

"Dada," akasema, "najua maneno yalitoka kwako. Sijaja kugombana. Nimejiandikisha mbio za nusu marathoni Mbeya mjini, kilomita ishirini na moja, na imebaki miezi mitatu. Nikikimbia peke yangu watanipiga tena. Tukionekana wawili hawatakuwa na la kusema. Naomba unisindikize."

Nilimwuliza kwa nini anajitesa hivyo, atapata nini. Alifikiri kidogo. Akasema, "Tangu niolewe sijafanya kitu chochote ambacho hakiliwi wala hakiuzwi. Nataka kimoja."

Nilikubali, nadhani ili aondoke.

Lakini saa kumi na moja alikuwa mlangoni. Mimi kukimbia siwezi, mnaniona nilivyo. Tulipatana kwamba nitembee mpaka njia panda na chupa ya maji na khanga kavu, nikae pale mahali pa wazi, yeye azunguke na kunipitia mara nne. Wiki ya kwanza mikono ilikuwa inatetemeka, maji yakanimwagikia. Mtu anayetakiwa kuamka saa kumi na moja hawezi kunywa mpaka saa tano usiku, akijaribu ataona. Mimi nilijaribu. Mara mbili alinigongea sikuamka, na mara zote mbili alikaa nje kunisubiri mpaka jua likatoka, akapoteza mazoezi ya siku nzima. Hakunisema. Mara ya pili nilitoka nikamkuta amelala ameegemea ukuta wangu, mguu mmoja umetoka kwenye kiatu, kidole kina damu. Siku hiyo sikwenda kilabuni. Wala kesho yake. Nilikuwa naumwa mwili mzima, natapika, natoka jasho, na watoto wake waliniletea uji.

Hapo ningependa kusema kwamba nilipona na yote yakaisha. Hapana. Nilikuwa nimeacha pombe lakini uongo wangu ulikuwa bado unatembea. Mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano kwa sababu ya yale mawe, na mkutano ukageuka. Watu walianza kusema mwanamke yule ndiye chanzo cha vurugu, aache kukimbia au ahame. Yeye alisimama akaeleza habari ya mbio, kilomita, mjini. Watu wakacheka. Mumewe alikuwa anatazama chini.

Hakunitazama. Nataka mlielewe hilo. Tulikuwa tumekaa benchi moja, alijua yote, na hakugeuza hata shingo upande wangu. Angenitazama, ningekasirika nikanyamaza. Nilisimama.

Nikasema, "Maneno yale niliyatunga mimi. Hakuzunguka nyumba ya msiba. Nilimwonea wivu."

Mwenyekiti aliniuliza kama nimelewa. Nikamwambia nina siku thelathini na nane sijaonja. Halafu mama wa yule mtoto aliyekufa akainuka kule nyuma. Nilikuwa nimesahau kwamba atakuwepo. Mnaweza kuamini? Katika kuogopa kwangu kote nilikuwa nimejifikiria mimi na jirani yangu tu.

Akauliza, "Kwa hiyo mwanangu aliuawa na nini?"

Nikamjibu, "Na homa, dada. Mimi nilichukua msiba wako nikaufanya mazungumzo ya kilabuni."

Alijifunga khanga yake vizuri, akatoka. Mpaka leo hajaitikia salamu yangu. Simlaumu. Miezi ile yote alikuwa ameamini kuna mtu alimwua mtoto wake, na usingizi alioukosa siwezi kumrudishia. Nampa salamu kila tukikutana, na nitaendelea kumpa.

Siku ya mbio tulikwenda wote, jirani yangu, mumewe na mimi na chupa yangu ya maji. Nilikuwa sijawahi kuona watu wengi hivyo wakikimbia bila kufukuzwa. Wa kwanza walifika mapema sana, wembamba, wanapita kama hawagusi lami. Yeye alifika masaa mawili na dakika arobaini na kitu tangu mbio zianze, wakati watu wameanza kukunja mahema. Alikuwa anachechemea na uso umekauka chumvi. Mumewe alipomwona alianza kukimbia naye pembeni, na viatu vyake vya kanisani, mpaka kwenye mstari. Walimvalisha medali. Aliivua hapohapo akampa mumewe aitazame, na yule mwanamume akalia mbele za watu.

Binti yangu mdogo alirudi nyumbani mwaka jana. Mkubwa bado yuko Mbebe; anasema anangoja aone. Ana haki. Kahawa nimeikata mashina, imechipua. Mume wangu hajarudi, na siku hizi siamki nikimfikiria.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama yangu aliyewaondoa watoto wangu bila kunitukana. Namshukuru jirani yangu, ambaye ameniomba nisimtaje na nisimwangalie nikiongea, ndiyo maana mnaniona natazama dirisha.

Nilichojifunza ni kidogo. Ukimwona mtu anafanya jambo usilolielewa, mwulize. Mimi nilikaa miezi kizingitini nikimtazama mtu akipita, na swali lenyewe lilichukua pumzi moja.

Na hili la mwisho ni kwa wa Hasamba. Juzi bombani nimesikia tena. Kuna bibi mmoja anaishi peke yake kule juu, macho yake mekundu kwa moshi wa miaka yote, na kuna watoto wanaumwa kuhara, na watu wameanza kuunganisha macho hayo na ugonjwa. Mnamjua. Nimewasikia, na sauti nimezitambua, na baadhi yenu mmekaa humu. Ibada ikiisha nakwenda kwake. Sijui nitamwambia nini, labda nitaanza kwa shikamoo. Kwanza nitasimama kidogo pale mlangoni mwa kanisa. Anayetaka twende wote, anikute.