Bi Shemsa na Darasa la Kihispania la Malindi

Hitma imekwisha, ndugu zetu, na familia imeomba yasomwe machache juu ya maisha ya Bi Shemsa Masoud Msabah.

Alizaliwa Bwejuu tarehe 14 Machi 1969, mtoto wa Mzee Masoud na Bi Mwanamkasi, akasoma msingi huko huko kuanzia 1977, kisha akahamia mjini kwa shangazi yake, akamaliza sekondari mwaka 1988. Mwaka 1991 aliajiriwa mapokezi katika nyumba ya wageni Shangani, na hapo ndipo alipokipata Kihispania, kwa wageni waliomvumilia akikosea. Aliolewa na Bw. Abrahman Mmanga tarehe 6 Agosti 1993, wakajaaliwa Badria na Anwar.

Mwaka 2012 alianza kuwasomesha wanawake nyumbani kwake mtaa wa Malindi, kila Jumamosi baada ya alasiri, bila ada, na aliyekuja na mtoto mchanga alipokewa mtoto ili apate kuandika. Alitaka jambo moja tu, apatikane mmoja wa kufika mwisho wa masomo ashike nafasi yake, na hilo ndilo lililomkera mpaka mwisho. Maamkizi na majina ya matunda waliyashika upesi, lakini walipofika pale ambapo kila kitu ni cha kiume au cha kike na sifa zake lazima zikifuate, au kwenye maneno kama alguien, yaani mtu fulani, na nadie, yaani hakuna mtu, viti vilianza kubaki vitupu. Siku moja Muzdalifa alimuuliza, "Bi Shemsa, sasa meza ikiwa mwanamke, nani aliyemposa?" Darasa zima likacheka, naye akajibu, "Cheka, mwanangu, lakini Jumamosi uje." Muzdalifa hakurudi, alishapata kazi hotelini Uroa, na maneno machache aliyokuwa nayo yalimtosha.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023. Mwanakheri, mwanafunzi pekee aliyebaki, alikuja kusoma kando ya kitanda, mtoto mgongoni, akikosea pale pale kila mara, na mgonjwa akimwambia, "Rudia, usinionee huruma." Alifariki hospitali Jumatano, tarehe 5 Februari 2025, masomo yakiwa hayajaisha, akazikwa Bwejuu siku hiyo hiyo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa kazi waliopokezana kumpeleka kusafishwa damu, na majirani waliomletea uji asubuhi bila kuombwa. Nanyi wanafunzi mlioondoka katikati, mliokaa hapa leo, Jumamosi mlango utakuwa wazi, Mwanakheri atasomesha mpaka pale alipoishia yeye, na baada ya hapo hana wa kumuuliza.

Mwalimu, umechoshwa nasi vya kutosha, Mola akupumzishe pema.