Verna Lindqvist na Milimita Nane Isiyo Nane

Ijumaa, tarehe 31 Oktoba, Verna Lindqvist atastaafu baada ya miaka ishirini na tisa hapa Duka la Sixmile Fork, Montana, karibu yote katika kaunta ya wajaza risasi.

Alianza upande wa vifaa vya uvuvi. Mwaka uliofuata alihamishiwa kwetu, kwa wateja wanaookota maganda yaliyokwisha kutumika na kuyatia baruti na kichwa kipya cha risasi nyumbani kwao. Watu hawa ni makini. Hupima baruti kwa punje, kizio kidogo mno cha uzito, kisha huja kununua vichwa kwa kuamini jina la bunduki. Verna hakuwahi kuuza kwa jina. Swali lake lilikuwa moja: "Umepima, au umesoma tu?" Ndiyo maana mji mzima unamwita Bibi Kipenyo, naye huitika.

Majina ya risasi hudanganya, na kila mjaza risasi amewahi kudanganywa. Ile inayoitwa thelathini na nane, kana kwamba ni inchi 0.38, hutumia kichwa cha inchi 0.357. Hakuna anayejua kulizungumza hilo kwa furaha kama Verna.

Vuli iliyopita alikuja Duane Ostby, fundi wa matrekta. Baada ya miaka mingi ya kukosa, alikuwa amepata kibali cha kuwinda elki, kulungu mkubwa wa huku, katika bahati nasibu ya jimbo, na msimu ulikuwa unafunguliwa Jumamosi ile. Alitaka kuwinda kwa bunduki ya zamani ya Kijerumani aliyoachiwa na baba mkwe wake. Risasi alikwisha kuzijaza. Alifuata vichwa vya akiba tu.

"Vya milimita nane, Bibi Kipenyo. Vile vya inchi 0.323."

"Umepima mtutu?"

"Nipime nini? Imeandikwa nane!"

"Duane, mpenzi, hilo ni jina la ukoo, si kipimo cha kiuno."

Watu wakacheka. Duane akasema Verna angemchelewesha mpaka elki wazeeke. Hata hivyo alikwenda kuileta bunduki garini. Verna akapaka mtutu mafuta, akapitisha kipande cha madini laini ya risasi kwa fimbo ya mbao, akakipima kilipotokea upande wa pili. Mikromita, kile kifaa chake cha kupimia unene, ikasoma 0.318.

Tofauti ni unene wa karatasi nzito. Lakini zilikuwapo bunduki za nane za aina mbili, za zamani za 0.318 na za baadaye za 0.323, na kichwa cha baadaye kikilazimishwa katika mtutu wa zamani, shinikizo hupanda. Mahali bunduki inapoweza kupasukia ni sentimita chache kutoka kwenye jicho la mpigaji.

Duane aliitazama ile namba, akavua kofia. "Mke wangu aliniambia nije kwako kwanza," akasema.

"Basi leo usimwambie alikuwa sahihi. Atatusumbua wote."

Alasiri ile waliketi wawili kwenye kaunta, wakigonga risasi zake zote kwa nyundo ya kung'olea vichwa, huku wateja wakiwahesabia mapigo kama kwenye ndondi. Duka halikuwa na vichwa vya 0.318. Verna alipiga simu kila mahali mpaka akampata mstaafu mmoja wa Butte aliyekuwa na boksi. Likafika Ijumaa na lori la maziwa. Duane akajaza upya, kwa baruti kidogo kama kitabu kinavyoelekeza kwa mtutu ule, akajaribu uwanjani. Jumamosi asubuhi, mlimani, alifyatua mara moja. Soseji za elki yule tulizila hapa kazini hadi Februari.

Haki itendeke: Verna naye amewahi kupima vibaya. Alipima kidole cha mchumba wake, Orrin, katika baridi kali ya Januari. Kiangazi kilipofika kidole kikavimba kwa joto, pete haikutoka, na haijatoka hadi leo. Orrin anasema hicho ndicho kipenyo sahihi pekee kilichopatikana kwa makosa.

Sherehe ni saa tisa alasiri, chumba cha nyuma. Duane ameomba akate keki. Ana macho yote mawili, kwa hiyo tunatarajia vipande vilivyo sawa.

Asante, Verna, kwa kutuuliza kabla ya kutuuzia. Upumzike vyema, uzeeke kwa raha.