Mama Rudia Anaikabidhi Maabara

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, mkuu wa kitengo chetu cha hifadhi ya mazao anastaafu. Kwenye mafaili ana jina lake kamili. Sisi tunamwita Mama Rudia, maana hakuna jaribio alilolipokea bila kuagiza lirudiwe.

Alikuja na shahada moja na mtoto wa miezi minne. Kila saa nne asubuhi mama mkwe wake alimleta mjukuu getini anyonye, kisha mtafiti akarudi kwenye darubini. Wanawake walikuwa wawili tu, yeye na karani, na choo chao kilikuwa jengo la pili. Mkuu wa wakati huo alimpa kazi ya kuandika lebo za chupa za mbegu, eti ana mwandiko mzuri. Aliziandika, akafungua na chupa, akahesabu fukusi, wadudu watoboao mbegu, waliomo. Mkuu alipokuja kushtuka, kitengo kizima kilikuwa kinategemea takwimu zake.

Mwaka wa tisa alipata alichokitafuta: aina ya maharage ambayo fukusi hawakuigusa kwa miezi sita. Kamati ya wataalamu ikaitishwa, na kila mtu alijua kwamba matokeo hayo ndiyo yangempa ukuu wa kitengo, mwanamke wa kwanza. Siku mbili kabla ya kikao alipeleka mkono rafu ya chini, akahisi baridi. Kiyoyozi kilipuliza pale pale. Mwanafunzi mmoja wa mafunzo kwa vitendo, kwa kupenda unadhifu, alikuwa amezipanga chupa zote za aina ile kwenye rafu hiyo kama sahani kabatini, badala ya kuzichanganya na nyingine. Fukusi hawakushindwa na maharage, walizizima kwa baridi tu.

Mumewe alimshauri anyamaze, arekebishe akishapata cheo. Mama mkwe, ambaye hajawahi kuingia maabara, alisema njia ya mwongo ni fupi. Basi akasimama mbele ya kamati na kusema jaribio halifai. Walipouliza nani alipanga chupa, alijibu kwamba jaribio ni lake na kosa ni lake. Cheo kikaenda kwa mwingine.

Ilimchukua miaka miwili kupata aina inayostahimili kweli, kwa miezi minne na si sita, na ndiyo iliyojaa maghalani leo. Ukuu aliupata baadaye, na hakuna aliyethubutu kuuliza aliupataje. Sasa kati ya watafiti kumi na mmoja, saba ni wanawake, na choo kiko mlango wa pili. Wanawe wanalalamika kwamba nyumbani hata kopo la chumvi lina lebo yenye tarehe.

Mwanafunzi yule ni mimi. Nilikuwa nimeshafungasha vitu vyangu nikingoja kutajwa. Hakunitaja siku ile wala siku nyingine yoyote, aliniagiza tu nifike kesho yake mapema tuanze upya. Tarehe mosi Julai nakalia kiti chake, na sikutaka aondoke kabla sijasema kosa lilikuwa la nani.

Ahsante, Mama. Nenda salama, na maisha mema yakupokee nyumbani.