Msinifuate Regina

Binti yangu Larisa anaingia Jumba la Magwiji wa Hoki. La jimbo zima la Saskatchewan, si la wilaya, si la shule. Ana miaka ishirini na sita, na tangu jumba hilo lianze hajawahi kuingizwa mtu mdogo kama yeye, awe mwanamume awe mwanamke. Simu ilipigwa Jumanne. Tangu siku hiyo nimewakaangia chipsi pale kantini ya uwanja wa barafu kwa uso mkavu kama vile hakuna jambo, na kama ningengoja mpaka mmalize pai ya maboga, ningepasuka.

Haya, pigeni meza. Mna haki. Orest, hiyo kengele ya ng'ombe ya kushangilia uwanjani umekuja nayo kwenye karamu kwa sababu gani? Ipige basi, kisha iweke chini ya kiti, maana baadaye nitaomba utulivu.

Sasa salamu, ambazo kwa adabu ndizo zilipaswa kutangulia. Mheshimiwa Meya, Ndugu Lyle Stensrud; Mchungaji Ottilie Baergen; Kocha Garnet Wiebe; wajumbe wa kamati ya uwanja wa barafu; wazee wetu wa meza ya mbele, ambao hamkukaa karibu na bata mzinga kwa bahati mbaya; ndugu wageni waalikwa kutoka mashamba ya ng'ambo ya mto; na ninyi kina mama wa jikoni mlioviringisha wali na nyama kwenye majani ya kabeji tangu alfajiri, habari za jioni. Niliitwa hapa mbele kuwashukuru wapishi kwa karamu yetu ya mavuno. Wapishi, asanteni. Hiyo imekwisha. Turudi kwa mwanangu.

Mimi shule niliishia darasa la kumi, na hotuba sijawahi kuandika. Mtanisamehe nikijisifu, na msiponisamehe nitajisifu vilevile. Ni nani katika mji huu ambaye hajawahi kumwambia mgeni pale kituo cha mafuta kwamba Larisa Hrabok ni wa kwetu? Ni nani hajawahi kudai kwamba yeye ndiye aliyemfunga kamba za viatu vya barafu siku ya kwanza? Nimewasikia watu kumi na mmoja wakidai hivyo, na mtoto ana miguu miwili tu. Kamba nilifunga mimi.

Alipokuwa na miaka minane hapakuwa na timu ya wasichana hapa, na mpaka leo haipo. Nikamshika mkono nikampeleka kwa Garnet. Garnet akaniangalia mimi, akamwangalia mtoto, akavua kofia akajikuna kichwa.

"Mama Larisa," akasema, "hawa wavulana wanasukumana. Huyu atalia."

"Na asipolia?"

"Dada yangu, nakwambia atalia."

Mazoezi yakaanza. Haukupita muda akatoka barafuni mvulana mmoja analia, akafuata wa pili. Garnet hii hadithi anaisimulia kila harusi, na anaisimulia vizuri, ila kuna kipande kimoja huwa anakiruka. Huyo wa pili alikuwa mwanawe.

Usiiname, Garnet. Ulimpokea Larisa, na ulimsukuma, na baba yake alipofariki ulimpeleka kwenye mashindano kwa gari lako mwenyewe majira mawili ya baridi, ukimsikiliza akiimba vibaya njia nzima. Hilo silisahau.

Mimi, ndugu zangu, hoki yake yote nimeiona kupitia dirisha la kantini. Upande wangu mvuke wa mafuta, upande wake barafu, na katikati kioo ambacho kamati inaahidi kukibadilisha. Nikisikia mnapiga ukuta wa uwanja, najua amefunga. Nageuka, nimechelewa, naona migongo yenu mmesimama, na chipsi zinaungua. Lakini je, kuna mama aliyebahatika kuliko mimi, aliyejulishwa mafanikio ya mwanawe kwa kelele za mji mzima? Mlikuwa na kelele, nyie. Timu za miji mingine zilikuwa zinatuchukia. Larisa alipokwenda kucheza mbali, chuo kikuu, kisha ligi ya kulipwa, kisha akavaa ile jezi ya taifa yenye jani jekundu, alinipigia simu akaniambia, "Mama, viwanja vya huku ni vikubwa ila watu wake wamekaa kimya kama wako benki. Nawakumbuka watu wetu."

Halafu mnajua kilichotokea. Sitakirefusha. Alifuata kile kisahani cha mchezo nyuma ya goli, akasukumwa na mtu ambaye hakukusudia, akaingia ukutani kwa kichwa, na hiyo haikuwa mara ya kwanza. Daktari alisema ubongo umetikisika kupita kiasi, kwamba hatacheza tena, na kwamba anahitaji giza na ukimya. Akarudi nyumbani kwangu, kwenye chumba cha chini, tukaweka mapazia mazito. Hii ni baridi ya tatu inakuja.

Sasa sikilizeni jinsi tulivyoipokea hii heshima.

Mzee wa kamati ya jumba alipopiga, nilikuwa na kikaango mkononi. Nikamwambia, "Baba, sema taratibu, nina mafuta motoni." Akasema. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikazima jiko, nikawaambia vijana waliopanga foleni kwamba kantini imefungwa, nikakimbia nyumbani na aproni yangu. Nikashuka ngazi polepole kama inavyotakiwa, nikakaa kitandani pake, nikamwambia kwa sauti ndogo. Nilidhani atalia kwa furaha. Nilikuwa nimeshaandaa leso.

Akajiinua kwenye mto. Kisha akaniuliza, "Wengine wanaoingizwa mwaka huu wana umri gani?"

"Kuna mzee mmoja wa miaka themanini na kitu. Mwingine sabini. Wewe ndiwe mdogo kuliko wote waliowahi kuingia, mwanangu."

"Unajua kwa nini wameniharakisha?"

"Kwa sababu wewe ni hodari."

"Hodari wapo wengi, Mama, na bado wanacheza. Mtu hawamwekei picha ukutani kama bado wanamsubiri uwanjani." Akageukia ukuta. "Wamenipa mapema kwa sababu nimekwisha mapema."

Mngemjibu nini, ndugu zangu? Wewe Mchungaji, uliyesoma, ungemjibu nini? Mimi nilimwambia wale wazee ni watu wema, na ni watu wema kweli, na heshima ile ni yake halali. Akasema anajua. Akasema anashukuru. Kisha akaniambia, "Sikatai heshima yao. Ila ni kama watu wote walikubaliana siku moja kwamba nimeondoka, na mimi nipo hapa chini nawasikia wanapita."

Nilipanda juu nikafungua jokofu nitafute kitu cha kupika, na jokofu lilikuwa limejaa. Bakuli la tambi na jibini la kina Stensrud. Vimaandazi vya pirogi vya mama mkwe wa Orest. Supu ya viazi, nadhani ni yako, Ottilie, kwa sababu ya ile bizari. Nimevila vyakula vyenu majira mawili ya baridi, sijawahi kukosa, na nikiwashukuru mlango kwa mlango usiku utakucha. Lakini pale mbele ya jokofu nilijiuliza: hivi sisi watu wa hapa, ni lini huwa tunapelekeana chakula cha namna hii, kikaachwa kibarazani na karatasi yenye jina juu yake? Tunapeleka kwenye msiba. Na kwangu hakuna aliyekufa.

Tulieni. Siwalaumu. Mwanzoni daktari alitaka ukimya, na Meya wetu kwa moyo mwema akaweka tangazo ofisi ya posta na kanisani: familia ya Hrabok isisumbuliwe. Lilikuwa jambo jema. Lilikuwa jambo la majira yale. Sisi ni watu ambao tukiambiwa tusisumbue, hatutasumbua mpaka tuzikwe. Gari linasimama, injini haizimwi, chakula kinawekwa, mtu anarudi akinyata, anaondoka. Mkikutana na mimi sokoni mnaniuliza, "Larisa anaendeleaje?" kwa sauti ya chini, mkono kifuani, na mimi nasema, "Anaendelea," na sote tunageukia vitunguu.

Anaendelea kweli. Hilo hamlijui. Sasa anapanda jikoni, anakaa na taa ndogo, anavaa miwani myeusi mchana na kutembea mpaka sanduku la barua. Ananishinda karata kila jioni na kunitania juu yake. Kinachomuumiza ni mwanga mkali, na vyombo vinavyogongana, na watu wengi wakisema pamoja. Mtu mmoja anayesema taratibu hamuumizi.

Marlee Oleksyn, uko wapi? Nyanyua mkono, binti yangu, usijifiche nyuma ya mumeo, hatoshi kukufunika. Huyu na Larisa wamekaa dawati moja tangu chekechea. Kila Ijumaa huyu ananiletea mikate ya mdalasini, hajaruka hata wiki moja, hata ile Ijumaa aliyojifungua alimtuma mumewe. Ni nani ana rafiki wa namna hii? Marlee, nataka ujue jambo. Larisa analijua gari lako kwa mlio. Linapokata kona pale kwenye ghala la nafaka, yeye anasema, "Pikapu ya Marlee. Ekzosi bado hajaitengeneza." Ijumaa moja nilirudi mapema kwa njia ya nyuma, nikamkuta amepanda mpaka mlango wa mbele. Amechana nywele. Amesimama ameshika kitasa, anasikiliza. Nikamsikia na mimi mtu akiweka kitu kibarazani, taratibu kabisa kwa upendo, halafu pikapu ikaondoka.

Nikamwambia, "Kwa nini hukufungua?"

"Labda ana haraka."

"Ungefungua tu, mwanangu."

"Na kama amekuja kuona mtu mwingine, yule Larisa wa zamani? Nisimtishe."

Usilie, Marlee. Au lia, lakini nisikilize.

Sherehe ni mjini Regina, kwenye hoteli kubwa, kwa taa na muziki na vipaza sauti. Mwezi wa nane Larisa alijaribu kuingia dukani tu, duka letu hili dogo, akalala wiki nzima. Regina hawezi. Waandaaji walikuwa waungwana, wakasema mzazi anaweza kumpokelea. Nikasema siendi, nitakaa naye. Akacheka, na kicheko chake sijakisikia sana, akasema, "Nenda, Mama. Katika nyumba hii anayependa kusimama mbele za watu ni wewe." Kwa hiyo nitakwenda, na Garnet atanipeleka, na nitavaa lile gauni la bluu, na nitamsifu mwanangu mpaka wanizimie kipaza sauti.

Lyle, weka chini hiyo kalamu. Nakuona. Umeshaanza kuhesabu viti vya basi kwenye kitambaa cha mezani.

Basi lisiende. Najua mnataka kuja, najua mngekuja mji mzima na kengele zenu, na Regina wangetushangaa. Lakini fikirini. Wakati nitakapokuwa nimeshika kile kibao cha shaba chenye jina lake, na wageni wasionijua wamesimama wananipigia makofi, mtu mwenyewe atakuwa amekaa peke yake jikoni kwangu, na mji wake wote uko mbali kilomita mia mbili unamshangilia. Je, hiyo ndiyo heshima? Kama mnampenda, msinifuate Regina. Nendeni kwangu.

Nendeni wawili wawili, watatu wakizidi sana. Zimeni injini. Vueni buti, semeni kama mnavyosema kanisani Mchungaji akiwa bado hajafika. Msibebe chakula, jokofu halifungi. Msimwambie amependeza, atajua mnadanganya, na msimuulize habari za kichwa chake. Mpeni umbeya. Huyu mtoto hajui nani amemwacha nani, hajui nani aliuza shamba, hajui kwamba Orest alijaribu kupaka nywele rangi. Chezeni naye karata, na mkishindwa, lipeni. Mkimwona anafumba macho, inukeni, mwambieni mnarudi, na waliokaa garini nje waingie. Na mrudi kweli. Siku zile ambazo mimi niko kantini na hakuna sherehe yoyote, siku hizo hasa.

Nilimuuliza kabla ya kuja hapa. Nikamwambia, "Nikiwaalika, utawafungulia?" Alikuwa anapanga karata. Akazipanga zote, akazichanganya, akazipanga tena. Hakusema ndiyo, na hakusema hapana.

Alisema, "Wakija."

Ndugu zangu, nimesema mengi kwa mtu aliyeitwa kushukuru wapishi, na mmenivumilia mpaka chai imepoa, nami nawashukuru kwa masikio yenu. Mnakwenda kwangu Jumamosi, tarehe nane Novemba, kuanzia saa nane mchana.