Faili Namba Moja

ANORD: Haloo? Nani mwenzangu? Namba ngeni hii.

FAUSTINA: Faustina. Wa mapokezi, zahanati, Mafinga. Nimeazima simu ya dada wa dirisha la dawa, na salio lake ni la kubahatisha, kwa hiyo—

ANORD: Aaa, shemeji! Kamwene! Baridi ya huko vipi? Mdogo wako, Gloria wangu, mzima?

FAUSTINA: Kamwene. Baridi ipo. Anord, ule mfumo wako wa majibu ya wagonjwa—

ANORD: Umegoma? Usiniambie umegoma. Shem, ile kitu iko klaudi, huko mtandaoni, haigomi. Mnachomoa waya wa kompyuta mkifagia, halafu mnanipigia mimi huku mjini, Soweto.

FAUSTINA: Haujagoma. Ungegoma ningeshukuru. Uko wazi.

ANORD: Wazi kivipi?

FAUSTINA: Mgonjwa tunampa linki ya majibu yake. Si ndiyo? Mwishoni ina namba ya faili. Akiandika namba nyingine, anasoma faili la mwenzake. Haulizwi nenosiri, haulizwi jina, habishi hata hodi.

ANORD: (anacheka) Sasa shem, huko Mafinga nani akae abadilishe namba? Wapasua mbao?

FAUSTINA: Cheka, cheka tu. Kuna mama wa Kinyanambo, majirani wanamtajia majibu yake kisimani, neno kwa neno. Wiki ya tatu hii hajaja kuchukua dawa. Nimemfuata nyumbani, kanifungia mlango.

ANORD: Hiyo... hiyo ni midomo ya watu tu. Umbea. Programu haina mdomo.

FAUSTINA: Nilikuambia siku ya kwanza, hujaandika hata mstari mmoja. Nikakuambia, baba, anza na kufuli, haya ni magonjwa ya watu. Ukanijibu nini?

ANORD: Nilisema ulinzi ni awamu ya pi—

FAUSTINA: Ukasema dada wa mapokezi akae na madaftari yake! Mbele ya daktari. Nikakaa nayo.

ANORD: Shemeji, biashara ya programu haiendi hivyo. Unatoa kwanza, watu wanatumia, kufuli linakuja—

FAUSTINA: Baba yangu anatengeneza makabati mwaka wa thelathini huu. Hajawahi kumshushia mteja kabati akamwambia kitasa kitakuja Krismasi.

ANORD: Kabati na klaudi wapi na wapi?

FAUSTINA: Kabati linafungwa.

(mtandao unakwaruza)

ANORD: Halo? Unakatakata. Nilikuwa nasema, hebu tuwe wakweli, zahanati kumi na moja zinatumia huu mfumo, wewe tu ndiye una—

FAUSTINA: Baba alikuja kupima presha juzi.

ANORD: Mzee Jailos? Jamani, baba mkwe wangu anaumwa na sijaambiwa?

FAUSTINA: Yeye ana simu ya kitochi, haina intaneti, kwa hiyo linki nikamwandikia kwenye kadi kwa mkono, kama ninavyowaandikia wazee wote. Kadi akaitia mfuko uleule wa kitambaa cha kupangusia mikono. Unaujua utomvu wa paini?

ANORD: Naujua. Ndiyo nini?

FAUSTINA: Faili lake ni elfu moja na ushee. Tarakimu za nyuma zote zikamezwa na utomvu. Akaenda kuifungulia kwenye kompyuta ya karani wa kiwanda cha mbao, akaandika alichokiona kwenye kadi. Moja.

ANORD: Mo... moja?

FAUSTINA: Anord? Upo?

ANORD: Nipo. Mtandao huu.

FAUSTINA: Mtandao uko sawa.

ANORD: Namba moja ni... ni ya mfano tu, shem. Siku ile ya kumwonyesha daktari nilikuwa na haraka, nikavuta fomu yangu ya bima nikaipakia. Nilitaka kuifuta baadaye.

FAUSTINA: Awamu ya pili.

ANORD: Amesoma... amesoma mpaka wapi?

FAUSTINA: Mzee anasoma Biblia mpaka ramani za nyuma. Unadhani faili ataliachia katikati?

ANORD: Shemeji, naweza kueleza—

FAUSTINA: "Mke: Minza Limbu, Rujewa. Watoto: wawili." Eleza. Alinisomea mara mbili kwa sauti, akidhani miwani yake imeharibika.

ANORD: Ile ndoa ilishakwisha zamani sana!

FAUSTINA: Nimeiangalia bima yako hapa mapokezi: imelipiwa mwezi uliopita, na Minza yumo.

ANORD: Sikiliza. Nipe dakika kumi. Laptopu iko hapa mbele yangu. Naweka kufuli kwenye mafaili yote, kila mgonjwa na nenosiri lake, namba moja naifu—

FAUSTINA: Dakika ngapi?

ANORD: Kumi. Ikizidi sana, nusu saa.

FAUSTINA: Daktari ulimwambia kufuli hilo linataka miezi mitatu na vijana wanne.

ANORD: Shemeji, tafadhali, naanza hivi ninavyo—

FAUSTINA: Mwaka mzima, Anord! Yule mama angekuwa anakunywa dawa zake. Kumbe alikuwa anasubiri nusu saa yako tu.

ANORD: Nimekosa. Nimekosa, nakiri. Washenga wangu Jumamosi...

FAUSTINA: Wameshapigiwa wasije. Na hilo la shemeji liache, linanikera masikio.

ANORD: Basi nipe Gloria. Dakika moja tu, nimweleze mwenyewe kabla hajayasoma hayo—

FAUSTINA: Salio linalia hili. We weka kufuli, anza na faili namba mbili. Namba moja usihangaike nayo, karani ameshaichapa kwenye karatasi.

ANORD: Iko wapi hiyo karatasi? Anayo mzee?

FAUSTINA: Anayo Gloria. Amepanda nayo basi la asubuhi, anakwenda kumsalimia mwenzake Rujewa.

ANORD: Rujewa? Faustina! Ameondoka saa ng—

(Simu imekatika.)