Vidonge Nilivyovitupa Kibanjani

Bwana asifiwe, wana usharika! Mnivumilie kwa sauti hii ya kukwaruza. Ndiyo niliyobaki nayo, na kwa hii hii namshukuru Mungu.

Ndugu zangu, mlinisikia hapa hapa nikishuhudia kwamba nimepona koo. Mlipiga vigelegele. Leo nimesimama kuufuta ushuhuda ule.

Tuliugua wawili, mimi na mama mkwe wangu ninayeishi naye kule Buganguzi. Koo liliwaka moto, hata mate hayamezeki. Zahanati wakasema ni bakteria, wakatupatia kila mmoja vidonge vya siku kumi. Siku ya nne nikala ndizi bila maumivu. Ilikuwa Jumapili, nikaja hapa mbele kwa mbwembwe: "Bwana ameniponya!" Mnanijua, nilikuwa mwimbaji wa sauti ya kwanza, napenda kutazamwa.

Nikarudi nyumbani, nikaviona vidonge mezani. Nikawaza, nikiendelea kuvimeza watu watasema nimemsingizia Mungu. Nikavitupa kibanjani, kwenye migomba. Nikamwambia na mama atupe vyake. Alichukua pakiti yake akatoka nje.

Hazikupita wiki mbili, koo likarudi kwa hasira. Shingo ikavimba upande mmoja, mdomo ukakataa kufunguka. Ndugu zangu, nilijifungia ndani siku tatu! Niliona aibu kwenda hospitali. Nilikuwa radhi nife kuliko kuonekana mwongo. Ile haikuwa imani, kilikuwa kiburi kimevaa joho la kwaya!

Mama mkwe ndiye aliyeita bodaboda. Mzee yule, na magoti yake mabovu, alinikumbatia kwa nyuma mpaka Muleba, na huko hospitali wakatuhamishia Bukoba. Wakapasua jipu kooni. Usaha uliotoka siwezi kuusimulia kanisani. Nilijua nakufa, na moyoni sikuwa na amani hata kidogo.

Nilipopata fahamu, mama alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda.

"Waitu mwanangu, nisamehe," alisema. "Vyangu sikuvitupa. Nilivificha kwenye kapu la maharage, nikavimaliza. Niliogopa utasema sina imani."

Mama mkwe kunipigia magoti mimi! Nililia mpaka kidonda kikaniuma upya.

Sauti ya kwanza haijarudi, na sijui kama itarudi. Jumapili kwaya ikisimama, mimi nabaki nimeketi, na inaniuma. Lakini mimi ni mzima, asante Yesu! Mama yule pale, benchi la pili. Mungu alitupatia dawa ile ile. Yeye alimwamini mpaka siku ya kumi, mimi nilimwamini mpaka nilipopata watu wa kunisikiliza.

Wewe uliyeanza kupata nafuu na dozi hujaimaliza, mtumaini Bwana, nenda ukaimalize. Kushuhudia utashuhudia siku ya kumi na moja. Amina!